S iliyogeuka

Mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, una kovu la herufi S. Limegeuka, linasomeka sawasawa kwenye kioo tu. Watu wakiniuliza nawaambia niliungua, na si uongo.

Nilianza darasa la kwanza Newala mwaka 1984, ila kusoma nilishaanza jikoni kwa bibi. Yeye alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, enzi za Mwalimu Nyerere, miaka ya 1970. Wenzake wengine walikwenda kwa kuhimizwa na balozi wa nyumba kumi. Bibi alikuwa na lake. Msimu mmoja alipeleka gunia la korosho kwenye mizani, akamsikia karani akitamka kwa sauti: sabini na nne. Kufika nyumbani, mtoto wa jirani akamsomea karatasi: 47. Alirudi kesho yake; karani akadai hamkumbuki.

Ndiyo maana mimi alinianzisha na namba kabla ya a, e, i, o, u. Anatandaza jivu la mafigani sakafuni, anaandika kwa kidole 74, pembeni 47, ananiuliza, "Ipi ina hela nyingi?" Nikikosea anafuta kwa kiganja, anaandika upya, wala hagombi. Tulipofika ra, re, ri, ro, ru, tulisoma wote wawili la, le, li, lo, lu. Kimakonde chetu hakina hiyo r, na bibi mpaka anafariki alisema kolosho. Shuleni nilichekwa na darasa zima, la Wamakonde watupu!

Sasa hilo kovu. Ilikuwa Oktoba, tunaokota korosho shambani. Nikapasua moja mbichi kwa jiwe, nikachovya kijiti kwenye yale mafuta ya ganda, nikajiandika herufi ya kwanza ya jina langu ili nisiisahau. Mwanzoni hata sikusikia kitu. Usiku mkono ukawaka moto, asubuhi S nzima imetuna malengelenge, imejaa maji.

Bibi akanipaka mafuta ya nazi huku ananisema. Halafu akanyamaza, akausogeza mkono wangu mlangoni penye mwanga, akauinamia.

"Mjukuu wangu," akasema, "na yenyewe umeigeuza."