Zamu ya Chumba cha Tano

Nilipopangiwa kazi ya ugani wilayani Chamwino mwaka 2017, habari za mtama na uwele niliweza kuzungumza na vijana kwa Kiswahili, lakini wazee, ambao ndio waliokuwa na mashamba, walipendelea Cigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma, nami sikujua zaidi ya salamu ya "mbukwa". Nikakata karatasi ya manila vipande vidogo, nikaandika Cigogo upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kisha nikaligawa boksi la viatu vyumba vitano kwa utaratibu ambao mwanahabari Sebastian Leitner aliueneza mwaka 1972: kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba kinachofuata, na iliyokosewa hurudi cha kwanza, hata kama ilikwisha kufika cha nne. Cha kwanza nilikipitia kila siku, cha tatu kila wiki, na cha tano mara moja kwa mwezi.

Jioni ninayoikumbuka ni ile ambayo zamu ya chumba cha tano ilifika kwa mara ya kwanza. Mama mwenye nyumba, aliyenisahihishia maneno yote, alikuwa amelihamishia boksi chumbani kwake baada ya kuniona nikichungulia kadi ambazo siku yake haijafika.

"Mwanangu, ukilitazama neno kila saa, utajuaje kama limekaa?"

Hakuwa amesikia habari za mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alichapisha kwamba tunasahau upesi mwanzoni na polepole baadaye, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Hata hivyo alilisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko nilivyolisimamia mimi. (Kodi hakuidai kwa ukali huo.)

Maneno mengi yalikuja bila taabu. Jina la ghala la nafaka ndilo lililonitoa jasho, naye hakunidokezea hata herufi. Nililipata nilipokuwa karibu kukata tamaa, na naamini ni msako huo, si wingi wa kulisoma, uliolikaza kichwani.

Ndipo akazigeuza kadi, akasoma Kiswahili na kudai Cigogo. Zaidi ya nusu nilikwama, kwa kuwa kutambua neno na kulitamka bila kuliona ni kazi mbili tofauti. Usiku huo tuliandika kadi za upande huo peke yake, zote zikaanzia chumba cha kwanza, na boksi likabaki kwake.