Kumbukumbu ya mradi: programu moja ya C, mazingira matatu ya Unix ndani ya Windows

Nina programu ndogo ya C niliyoiandika kwenye Linux. Hupitia folda nzima ya matini na kutoa hesabu ya mistari, maneno na baiti. Ina Makefile moja (faili ya maelekezo ya ujenzi), skripti tatu za bash, na sehemu inayogawa kazi kwa michakato minne kwa kutumia fork, mwito wa Unix unaozaa nakala ya mchakato unaoendelea. Sasa nataka ijengeke pia kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye Windows, na kwa kuwa sikutaka kuchagua zana kwa kusikia, nimesakinisha Cygwin, MSYS2 na WSL (Windows Subsystem for Linux) kwenye mashine moja ili nizipime zote kwa msimbo huohuo.

Jumamosi

Nilianza na mkongwe wao. Cygwin ilianzia katika kampuni ya Cygnus Solutions mwaka 1995, na msingi wake haujabadilika: maktaba moja, cygwin1.dll, hukaa kati ya programu na Windows na kutafsiri miito ya Unix. Kisakinishi chake, setup-x86_64.exe, ndicho hichohicho unachokirudia kila unapotaka kuongeza kifurushi, na mimi nilikirudia mara mbili, kwanza kwa ajili ya gcc, kikusanyaji cha C, na kisha kwa ajili ya make, zana inayosoma Makefile, niliyoisahau.

Programu ilijengeka bila kuguswa hata mstari mmoja, fork ikiwemo. Gharama ilijitokeza kwingine. Windows haina mwito wa fork, kwa hiyo Cygwin huuigiza kwa kuanzisha mchakato mpya na kunakili ndani yake kumbukumbu ya mchakato mzazi. Kwa michakato minne sikuona tofauti yoyote, lakini skripti ya configure (inayokagua mfumo kabla ya ujenzi) ya maktaba niliyoihitaji, ambayo huzaa vijichakato kwa mamia, ilijikokota kiasi kwamba niliweza kusoma kila mstari uliokuwa ukishuka kwenye terminali. Tena, faili ya exe niliyoihamishia kwenye kompyuta nyingine ilikataa kuanza kwa kukosa cygwin1.dll.

Jioni nilipoteza muda mrefu kwa kosa la kijinga. Skripti iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi ilianza kulalamika hivi:

$'\r': command not found

Nilikuwa nimeihariri kwa kihariri cha Windows, nacho kikaweka herufi mbili, CR na LF, mwishoni mwa kila mstari, wakati bash hutarajia LF peke yake. Amri ya sed -i 's/\r$//' iliiponya, na ili yasijirudie nimeongeza mstari «*.sh text eol=lf» kwenye faili ya .gitattributes.

Jumapili

MSYS2 imechipuka kutoka Cygwin, ila shabaha yake ni tofauti: bash na make hutegemea msys-2.0.dll, ilhali programu unayoijenga wewe inakusudiwa kuwa ya Windows halisi. Vifurushi huletwa kwa pacman, kisimamizi cha vifurushi kilichotoka Arch Linux, na kwangu hilo peke yake lilikuwa nafuu kubwa. Ni lazima, hata hivyo, ufungue terminali iliyo sahihi. Mara ya kwanza nilifungua ile ya MSYS badala ya UCRT64, ambayo ndiyo hujenga programu za Windows halisi, kila kitu kikaenda vizuri mno, na ni ldd tu, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazitegemea, iliyonionyesha kwamba exe yangu bado ilikuwa inaitegemea msys-2.0.dll. Nilipohamia UCRT64, gcc ilisimama papo hapo: hakuna sys/wait.h, faili ya miito ya kusubiri michakato, wala fork. Sikuona hilo kuwa kasoro. Zana ilikuwa inaniambia ukweli kuhusu mfumo ninaoujengea.

Kilichonichanganya zaidi ni njia za faili. Niliipa programu yangu, katika toleo la majaribio lisilo na fork, hoja ya /data, ikajibu kwamba haikuipata C:/msys64/data. MSYS2 hubadilisha hoja zinazofanana na njia za Unix kabla ya kuikabidhi programu ya Windows. Ukiweka MSYS2_ARG_CONV_EXCL='*' mbele ya amri, hoja hupita kama ilivyoandikwa.

Jumatatu na Jumanne

Kuhusu WSL 2 sina mengi, kwa sababu ni kerneli (kiini cha mfumo) halisi ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi, na programu ilijiona iko nyumbani. Kosa langu lilikuwa kuuacha mradi chini ya /mnt/c, yaani diski ya C ya Windows, ambako kila faili husomwa kwa kuvuka mpaka kati ya mifumo miwili. Git status ilisita kila mara hadi nilipouhamishia mradi mzima kwenye folda yangu ya nyumbani ndani ya Linux. Lakini kinachojengwa humo ni programu ya Linux, na mtumiaji wa Windows asiye na WSL hawezi kuifungua.

Kwa hiyo nitaandika na kujaribu ndani ya WSL, na toleo la kugawa nitalijenga kwa UCRT64. Cygwin nimeiondoa, ingawa ningekuwa na programu kubwa iliyojaa fork ningeanza nayo.

Alhamisi

Nimebadilisha fork kwa nyuzi za pthread, zinazoendesha kazi kadhaa ndani ya mchakato mmoja, na toleo la UCRT64 limejengeka. Hesabu ya maneno ililingana na ya WSL, ila baiti zilipungua, na upungufu ulikuwa sawasawa na idadi ya mistari katika faili zilizotoka Windows. Ni CR ileile: fopen yenye "r" kwenye Windows huimeza kimyakimya. Nimeweka "rb", nikajenga upya, na sasa hesabu zote tatu zinalingana.