Rafiki

Januari 2025 tulipanda basi la usiku kutoka Glasgow kwenda London, mimi na dada. Si dada wa tumbo moja. Yeye ni Mnyarwanda, mimi ni wa Ngara, Kagera. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, kutoka Rwanda kuingia Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi, naye alikuwa miongoni mwao, binti wa miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa mtoto niliyesimama kando ya barabara na ndoo ya maji, bibi amenituma niwape wapita njia. Tulikuja kufahamiana Uskoti, tukiwa watu wazima wote.

Safari ilikuwa ya kwenda kumwona mwigizaji Ncuti Gatwa jukwaani. Dada alikuwa akimfuatilia kama mtu anavyofuatilia habari za mtoto wa shangazi yake. Kijana alizaliwa Kigali, Oktoba 1992. Wazazi wake waliyakimbia mauaji ya kimbari, naye akakulia Edinburgh na Dunfermline. Alisomea uigizaji Glasgow, akahitimu 2013, akaanzia kazi Dundee. Baadaye huko London alifika mahali hana hata chumba, analala kwa marafiki, mpaka ulipokuja mfululizo wa televisheni uliomtambulisha duniani mwaka 2019. Mei 2022 BBC ilipotangaza kwamba ndiye atakayekuwa mhusika mkuu wa mfululizo wake wa televisheni, Doctor Who, Mweusi wa kwanza kukabidhiwa nafasi hiyo, dada alinipigia simu akilia. Nilidhani kuna msiba.

Dada mwenyewe ana jina la Kinyarwanda lenye silabi tano. Kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee, walilikata likabaki herufi mbili. Alikuwa akiitika tu.

Tulikaa viti vya nyuma kabisa, ukumbi wa Lyttelton, National Theatre, kando ya mto Thames. Tamthilia ilikuwa ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, ya mwaka 1895. Taa zilipowaka, Gatwa alikuwa kwenye piano, amevaa gauni la waridi. Dada alinishika mkono, hakuuachia. Kijana yule alikuwa Algernon, bwana mdogo wa Kiingereza anayekula sandwichi za matango zilizoandaliwa kwa ajili ya shangazi yake hadi zikaisha. Lafudhi ya Uskoti aliiweka kando, lakini ule wepesi wa mwili, ile furaha ya kuchezea neno kabla ya kuliachia, ni vyake mwenyewe. Shangazi mtu alikuwa Sharon D. Clarke, na alipofungua kinywa kikatoka Kiingereza cha Karibi, ukumbi mzima ulicheka kwa raha.

Kisha msichana Gwendolen akatangaza kwamba kwake mume ni mwanamume aitwaye Ernest, basi. Na bwana aliyekuwa mbele yake alikuwa amejipa jina hilo kwa uongo.

"Mdogo wangu," dada alininong'oneza, "hawa watu wote wanahangaikia jina!"

Wakati wa mapumziko, mabibi wawili wa Kizungu waliokaa kando yake walikuwa wakisoma kijitabu cha onyesho. Mmoja akasema "Nkuti." Mwenzake akasema "Ensuti." Nilimwona dada akiinamisha kichwa, kama afanyavyo siku zote. Halafu akakiinua.

"Ni Shuti," akawaambia. "Kwa lugha yetu ni rafiki."

Bibi aliyekuwa karibu alilirudia mara tatu, taratibu. Kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

Nilingoja zile herufi mbili. Dada akalitaja jina lake lote, silabi tano, bila haraka. Yule bibi akajaribu, akakosea. Dada akalitaja tena. Akajaribu tena, wakacheka wote watatu, na walikuwa wamefika silabi ya nne kengele ilipolia.