Masizi ya Jumamosi
Nimerudi nyumbani nanuka moshi, mke wangu kaninyima hata kiti. Jumamosi hapa Uingereza najitolea kwenye reli ya zamani ya treni za mvuke: kuzoa majivu, kupaka grisi, kufuta masizi. Leo nimeruhusiwa kuwasha moto! Kuni kwanza, kisha makaa kidogo kidogo, na mvuke ulichukua saa nne kupanda. Wenzangu walicheka niliposema babu aliendesha zile Garratt za klasi ya 59, injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki, kutoka Mombasa. Ziliundwa injini 34, hukuhuku Manchester, zikapewa majina ya milima. Tena zilichoma mafuta, kwa hiyo mzee hakuwahi kunyanyua koleo. Sasa naunda Garratt ya kwangu ya mezani, mfano mdogo wa urefu wa sentimita 42. Jana imeanguka kona ya kwanza.