Vipele vilipona, rangi ikabaki

Ukurutu wangu ulianzia kwenye mkunjo wa kiwiko cha kushoto. Ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo sikuona wekundu. Pale paligeuka zambarau iliyofifia, pakawa na ukavu wa msasa, na usiku paliwasha mpaka najikuna damu. Daktari aliniandikia krimu ya betamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza ngozi iliyowaka, nipake mara moja kwa siku, siku 14 basi.

Siku ya tatu muwasho ulikata. Kufika siku ya kumi zambarau ilishakuwa kahawia, kisha kijivu, na doa likakolea kuliko nilivyoanza. Niliogopa sana. Nilidhani ugonjwa unazama ndani, nikapaka asubuhi na jioni kwa wiki 5. Pembeni mwa doa ngozi ikapauka, ikawa nyembamba na yenye kung'aa kama ganda la kitunguu, vimishipa vikaonekana.

Niliporudi, daktari hakuanza na rangi. Aliuliza kama doa linatanuka, kwa sababu fangasi wakipakwa steroidi hupoteza ule mduara wao na kusambaa kimyakimya. Halikuwa linatanuka. Akapitisha kidole polepole, kisha akaniambia nifumbe macho nifanye vivyo hivyo. Palikuwa laini kabisa. "Ukurutu ulishapoa zamani," akasema. "Hiyo ni alama tu." Ngozi ikiwaka, seli za rangi humwaga melanini nyingi, yaani ile rangi ya ngozi; krimu huzima moto, melanini iliyokwisha kumwagika haiifuti. Ule weupe wa pembeni ndio uliotokana na dawa kuzidi.

Akanishusha kwenye haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi isiyo kali sana, kwa muda mfupi, kisha nikaacha. Nilibaki na mafuta ya mgando kila baada ya kuoga, na kujikinga na jua.

Tangu hapo ukurutu umerudi mara mbili, na sasa naupima kwa kidole huku nimefumba macho. Pakikwaruza na kuwasha, napaka. Pakilainika, naacha, hata doa liwe jeusi vipi. Kipimo changu ni krimu ya kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, kama nusu gramu, inayotosha eneo la viganja viwili. Zamani nilikuwa nabinya tyubu kwa kukisia.

Pale penye weupe rangi ilirudi baada ya miezi kadhaa. Doa bado lipo, kwa mbali.