Kiwandani kwetu kila mtu na lengo lake
Jamani, niwasifu wakubwa wangu wa kazi hapa Mtwara, kiwanda cha kubangua korosho. Siku hizi muuguzi anakuja kutupima presha na sukari, kisha kila mtu anachagua lengo lake mwenyewe. Hupangiwi, na majibu yako bosi hayaoni. Hilo ndilo lililonivuta, maana afya ya mtu ni siri yake.

Mama mmoja wa zamu yetu anapunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku. Mimi natembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, ufukwe wa Shangani. Tunaongozana kundi zima, raha tupu!

Kesho wanapimwa wenzetu wa zamu ya usiku. Nendeni jamani, msiogope.