Mizani mbili zilizopungua

Mwalimu alitutaka tuchambue shairi lolote la hisia. Nikachagua la babu, alilomtungia ndugu yake aliyepotelea baharini hapa Mikindani. Ubeti wa kwanza ni huu:

Dau limerudi pwani, nahodha wangu hayumo,
Nauliza majirani, hawafungui midomo,
Kilio ki kifuani, hakitoki, bado kimo,
Ewe bahari nambie, ndugu yangu yuko wapi?

Nikaandika haraka haraka: tarbia (mishororo minne kwa ubeti), mizani, yaani silabi, 16 kwa kila mshororo, kina (silabi ya mwisho inayofanana) cha kati "ni", cha mwisho "mo", kibwagizo (mshororo unaorudiwa) kipo. Kazi ikarudi na swali moja la wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Liliniuma, kwa sababu shairi hilo nalipenda.

Jumamosi nikamkuta babu barazani anabangua korosho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu." Nikamwonyesha shairi lake na lile swali. "Lisome kwa sauti, polepole."

Kila silabi niliyotamka, akaweka korosho moja kwenye ungo. (Mizani huhesabiwa kwa sikio: "mtoto" ni tatu kwa kuwa m yake inasimama peke yake, "mbuzi" ni mbili.)

Sauti ndiyo iliyonifungua. Huwezi kutamka mo bila kufumba midomo kwanza. Majirani hawafungui midomo, na mimi msomaji nafumba yangu mwisho wa kila mshororo hadi kufikia kibwagizo! Halafu hayo maneno yenyewe: nahodha hayumo ndani ya dau, kilio kimo ndani ya kifua. Mo ileile ya ndani. Dau limebaki tupu, kifua kimejaa, na kina ndicho kinachotutoa huko na kutuleta huku. Na ule mshororo wa tatu, usome tena: ki, ki, ki. Nimezihesabu, ni sita, zinakuja kama kwikwi za mtu anayejizuia kulia.

Tukafika ubeti wa mwisho. Kibwagizo hapo kinasema "Bahari, nambie, ndugu yangu yuko wapi?" Korosho zikawa 14. Mimi nilidhani babu alisahau, nikaongeza "ewe" kwa penseli ili mizani itimie. Babu alipoiona aliifuta kwa kidole gumba, taratibu.

"Hapo sikuwa na pumzi ya kuita," akasema, akarudi kwenye korosho zake.

Usiku ule nikaandika upya, nikianza na mshororo huo.